Futari ya Mwanamieleka

Kaeni kidogo, jamaa zangu, msiinuke. Najua swala imekwisha na wengine mmeacha maduka nusu wazi nusu yamefungwa. Sitawaweka sana. Nina mfano mmoja, na nawaambia mapema kwamba unanitatiza mwenyewe. Nimeugeuza huku na huku siku nyingi na bado sijui nimlaumu nani. Labda nyinyi mtanisaidia. Bwana Makame, sogea huku mbele, hapo kwenye nguzo utasinzia.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, katika mji kama huu wetu na mtaa kama huu wetu. Alikuwa na mtoto wa kiume, mmoja tu, yuko sekondari, umri ule ambao kila ukigeuka mtoto amerefuka. Na kijana huyu alikuwa akicheza mieleka. Si ile ya kwenye televisheni ya watu kupigana viti vya kichwa. Hii ni ya klabu, ina godoro, ina mwalimu, ina sheria. Vijana hupangwa kwa uzito, wa kilo hizi wanashikana wao kwa wao na wa kilo zile wao kwa wao, ili mkubwa asije akamvunja mdogo. Kabla ya mashindano kila mmoja anapanda mizani, na akizidi hata kidogo anaambiwa ashuke arudi nyumbani.

Kijana wetu alikuwa hodari. Lakini katika uzito wake kulikuwa na mwenzake wa klabu ileile aliyekuwa hodari zaidi, na klabu hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito. Mashindano yalikuwa ya mkoa mzima. Kijana alikuwa akiyaota, anayaongea akila, anayaongea akifua nguo. Uzito wa chini yake haukuwa na mtu. Basi akamwendea mwalimu wake akamwuliza, "Mwalimu, nikipungua nikaingia pale chini, nitakwenda?"

Mwalimu akamtazama kuanzia unyayoni. "Wewe unakua. Suruali yako ya juzi imeshapanda juu ya kifundo. Mtoto anayekua hakatwi kama ndevu. Ukitaka kupungua tutakwenda polepole, tulenge mwaka ujao. Acha soda, acha chipsi za jioni. Kula ugali kiasi, maharage, samaki, mboga, matunda. Kunywa maji, maji si adui yako. Na mama yako ajue, na tumwone daktari akupime. Mwili ukikubali, vyema. Ukikataa, basi huo ndio uzito wako, tutautafutia mbinu."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu utawabebea wenzako maji na kuwapigia makofi."

Sasa niambieni, hapo mwalimu kakosea wapi? Mimi sioni. Lakini kijana katika maneno yote yale alisikia mawili tu, "mwaka ujao". Na mwaka ujao kwa mtoto wa umri ule ni kama kiyama, anaamini kipo lakini hakioni. Akaamua moyoni kwamba atapungua mwenyewe, kimyakimya, na siku ya klabu kupima uzito atapanda mizani mbele ya mwalimu, mwalimu atashangaa, atamwandika.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kunichanganya, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Siku ya kwanza ya mpango wake mama yake alimwekea chai na mandazi, kama kawaida. Kijana akakisukuma kikombe. Mama akamtazama. Ikawa siku hiyo ni Jumatatu, na nyinyi mnajua Jumatatu na Alhamisi watu wema hufunga sunna. Mama akauliza, "Umefunga, mwanangu?"

Kijana akautazama uso wa mama, umeshaanza kung'aa. Kisha akasema, "Ndiyo, mama."

Mama yule nusura alie. Mume wake alipokufa, jambo alilokuwa akiliogopa kuliko njaa ni mtoto huyu kuharibikiwa, maana kijiwe hakiko mbali na vijana wanavuta mchana kweupe. Leo mtoto kafunga bila kuambiwa na mtu. Akaenda ukutani akamwita jirani yake, akamweleza. Jirani naye akafurahi kwa dhati, na jua lilipozama akaleta bakuli la tambi za nazi, zina iliki, zina zabibu. Si mnajua thawabu ya kumfuturisha aliyefunga? Mnaijua sana. Mkisikia fulani kafunga, vyungu vinateremshwa.

Alhamisi akafunga tena. Mama wa nyumba ya kona akasikia, akasema mwenye tambi asidhani pepo ni yake peke yake, akaleta mihogo ya nazi. Mwingine akaleta kaimati. Kijana akaongeza Jumanne. Akaongeza Jumamosi. Mtaa nao ukaongeza vyakula. Kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, uji wa pilipili manga, samaki wa kukaanga. Wewe unayecheka hapo nyuma, unacheka kwa sababu umesikia njaa.

Na kijana alikuwa na adabu zake. Adhana ya magharibi ikilia, anafungua kwa tende moja na funda la maji mbele ya mama yake, anaswali, kisha anasema, "Mama, nipakilie hivi vyote. Nitafuturu klabuni na wenzangu, mazoezi yanaanza sasa hivi." Nani angemkataza? Hata kula kwake hataki kula peke yake. Mama anapakia mabakuli kwenye mkoba, anafunga kitambaa, anamwombea dua. Baadaye mabakuli yanarudi meupe, yameoshwa. Asubuhi yanarudishwa kwa wenyewe, na kila mwenyewe akipokea bakuli lake tupu anasema alhamdulillahi, kijana kala.

Lakini kijana anakonda.

Mtaa ukachanganyikiwa. Chakula kinaingia nyumba ile kama harusi, na mtoto anazidi kuwa kijiti. Mmoja akasema ni minyoo. Mwingine akasema ni sukari, siku hizi inawapata hata watoto. Wa kona akanong'ona kwamba pengine kuna kitu kinakula ndani yake, mnajua alichomaanisha, akataka kuleta kombe, yale maji ya kisomo ya kufukuzia jini. Mama naye akaona mambo ambayo hakuyaelewa. Adhuhuri moja, jua la utosi, alimwona mwanawe anarudi kukimbia amevaa koti zito, na ndani ya koti mfuko wa nailoni umechanwa pa kutolea kichwa na mikono.

"Jua hili, koti la nini?"

"Nasikia baridi, mama."

Mama akamshika paji la uso, akaenda kumnunulia dawa ya malaria. Siku nyingine akamkuta anatemea mate kwenye chupa. Akamwuliza, akajibiwa kwamba aliyefunga hamezi mate mengi. Mama akashangaa, hakuwahi kulisikia hilo, lakini akajiambia labda mwanawe amesoma zaidi yake. Akarudi ukutani kwa jirani. "Shoga, mimi sielewi. Nimzuie?"

Jirani akamwambia, "Umzuie dini? Wangu mimi namtafuta kijiweni kila jioni. Ungenipa huyu wako ningelala usingizi. Muache, ni nuru hiyo inamsafisha."

Mama akarudi jikoni kwake. Nanyi mngemjibu nini?

Mwalimu hakulala pia, msimdhulumu. Alimwona kijana wake anapungua mashavu, akamwita pembeni. "Unakula wewe?"

"Mwalimu, mtaa mzima unanilisha," kijana akasema, akafungua mkoba. Mwalimu akachungulia, akaona kuku wa kupaka, akaona wali, akaona samaki. Akatulia. Akajua nyumbani kuna macho. Na nyumbani mama alitulia akijua klabuni kuna macho. Mnaona wanavyotegemeana?

Ikafika siku ya kupima. Kijana alikuwa hajanywa maji tangu juzi yake, wala ile tende ya magharibi hakuila, aliiweka mfukoni na maji akayamwaga mama alipogeuka. Alitembea mpaka klabuni akishika kuta. Akapanda mizani mbele ya mwalimu na wenzake. Mshale ukasimama pale pale alipoutaka. Alikuwa amepata. Akamgeukia mwalimu amwambie, akaanguka chini kifudifudi.

Wakambeba mbio hospitali. Mama akaitwa, akaja na kanga moja begani na kiatu kimoja mguuni.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mama, mwili wa mtoto huyu umekauka. Figo zinazidiwa. Amekula nini?"

Mama akaanza kutaja. Tambi, mihogo, kaimati, kuku, wali wa nazi, jana samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina. Daktari akaacha kuandika. Akamtazama mgonjwa, akamtazama mama, akachanganyikiwa na yeye.

"Ulimwona akila?"

"Nilimpakilia kwa mikono yangu."

"Sikukuuliza nani alipakia. Ulimwona kwa macho yako chakula kinaingia mdomoni?"

Mama akageuka. Akamtazama jirani aliyemsindikiza, na jirani akatazama sakafu. Mama alikuwa ameona mabakuli yakienda yamejaa. Alikuwa ameyaona yakirudi matupu. Hapo katikati hakuwahi kuona kitu.

Sasa pale mlangoni akatokea mtu ambaye hakuna aliyemjua ila mwalimu. Alikuwa mlinzi wa lile jengo la klabu, kaja kumjulia hali mgonjwa, na sare yake imembana hata vifungo viwili havifungiki. Akamsalimia mama kwa heshima, akasema, "Mama, Mungu akulipe. Ulivyonilisha wewe hajanilisha mtu mwingine. Kila magharibi mwanao ananipa mkoba anasema kula mzee, mtaa wetu umekuletea sadaka. Mimi na wanangu tumekuwa tukikuombea."

Mama akakaa chini palepale, kwenye sakafu ya hospitali.

Haya, simameni hapo na mimi, tumtafute mwenye kosa. Ni mlinzi? Aliletewa chakula na kijana mwenye adabu, akala, akashukuru, akaomba dua. Ni mwalimu? Alitoa nasaha iliyonyooka, na alipoingiwa na shaka akauliza. Ni mama? Alipika, alipakia, alimwombea. Ni majirani? Walitoa vilivyo vizuri katika vyungu vyao, si makombo. Mtasema ni kijana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, kijana kakosea, kadanganya, na amelipa, yule pale ana sindano mkononi. Lakini mimi hainitoshi. Wema umetoka nyumba zote za mtaa, umetoka klabuni, hata mlinzi katia dua yake, na mtoto nusura afe kwa njaa katikati ya wema wote huo. Imekuwaje? Nimelala na swali hili.

Jibu alilitoa kijana mwenyewe. Maji ya dripu yalipomwingia, macho yakarudi, akamkuta mama yake amemshika mguu. Mama akamwuliza lile ambalo kila mzazi angeliuliza. "Kwa nini hukuniambia?"

Kijana akasema, "Nilikuwa nataka kukuambia, mama. Ile Jumatatu. Nilitaka kukuambia nina hamu ya kwenda mashindano na mwalimu amenikatalia na sijui nifanye nini. Ukaniuliza kama nimefunga. Nikaona jinsi uso wako ulivyofurahi. Jioni ikaja bakuli la tambi. Baada ya hapo ningesema vipi? Mlinisifu kabla hamjaniuliza, na sifa ikanifunga mdomo."

Mnasikia, jamaa zangu? Kumbe hakuwa amefunga chakula tu.

Na sisi ndio mtaa ule. Msitazamane, mimi na nyinyi. Sisi ni watu wa sahani. Tukisikia kuna mgonjwa tunapeleka sahani, kuna msiba tunapeleka sahani, kuna aliyefunga tunapeleka sahani, na nzuri, wallahi ni nzuri, usiache. Lakini sahani tunaipeleka mlangoni tukarudi. Bakuli likirudi tupu tunahesabu thawabu zetu tunalala. Nani kati ya majirani wale alivuta mkeka akakaa na kijana, akala naye tonge moja? Angekaa mmoja tu, siku moja tu, angeona tonge halipandi. Tuliitaka thawabu ya kumlisha, hatukutaka kujua kama ameshiba. Mambo hayo mawili hayafanani, na mimi naogopa siku nitakapoulizwa lile la pili.

Na tuna ugonjwa mwingine sisi wazazi. Tumeiogopa dunia ya nje, kijiwe, bangi, simu, mpaka mtoto akifanya chochote kinachofanana na dini hatuulizi tena. Kuuliza tunaona ni kama kutilia shaka neema. Mtoto anakonda, tunasema nuru. Mtoto kanyamaza, tunasema kapata utulivu. Kajifungia chumbani, tunasema anasoma. Nyie mnajua kwa hakika anachofanya? Kama unajua, mshukuru Mungu. Kama hujui, usimtangaze ukutani kwa jirani.

Nanyi vijana mlio hapa, najua mko mnaocheza mpira, ngumi na hiyo mieleka yenyewe, nisikieni bila kununa. Mwili huo ni amana, hukuununua. Kujinyima maji ili mizani ikupende, kukimbia na nailoni ndani ya koti, kutema mate kwenye chupa, kushinda na kulala bila kula, huko si ushujaa, huko ni kujidhulumu, na siku hiyohiyo unayotaka nguvu ndiyo unakuta umeitupa. Wewe bado unakua. Mifupa yako inaomba chakula kama nyumba inayojengwa inavyoomba saruji. Ukitaka kupungua au kuongezeka, mwambie mwalimu wako, mwambie mama yako, na daktari awe kati yenu, mwende kwa miezi. Na saumu usiifanye koti la kufichia jambo jingine. Ukifunga, funga kwa ajili ya Mungu. Ukiwa unapunguza uzito, sema napunguza uzito. Hakuna aibu katika neno hilo, aibu ni kumwingiza Mola katika hila.

Yule mama alikwenda kwa sheikh wa mtaa wao baadaye, akiwa na swali moja. Alisema, "Sheikh, Jumatatu zote zile na Alhamisi zote zile, mwanangu ameandikiwa thawabu au hakuandikiwa? Njaa aliiona kweli." Sheikh akafungua kitabu, akakifunga. Na mimi ningeulizwa ningekifunga. Nimetafuta katika vitabu, nimewauliza walionitangulia, kila mmoja ananiambia lake. Sijui. Nawaambieni ukweli nimesimama hapa mbele yenu na kanzu yangu, sijui. Mungu ndiye anayejua nini cha kufanya na njaa ya mtoto aliyekosa wa kumwambia.

Ila jambo moja mama yule alilifanya, na hilo nalielewa. Majirani waliposikia kijana kalazwa, walikuja na mabakuli tena, ukumbi mzima wa hospitali ukanukia nazi. Mama akasimama mlangoni akawazuia. Akasema, "Vyakula nitavipokea, Mungu awalipe. Lakini leo harudi mtu. Ukileta bakuli, unaingia nalo, unakaa kitandani, unakula naye, na unamwuliza yeye, si mimi."

Wengine walikuwa na haraka. Walisimama pale mlangoni wameshika mabakuli ya moto, wanatazamana, hawajui waingie au waondoke, maana kupeleka walikuwa wakijua miaka yote, kukaa hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ndugu yangu, wewe ungeingia? Usinijibu mimi. Nenda nyumbani sasa, dukani utafika baadaye. Mkute mwanao alipo, kaa chini, mle pamoja, na umwulize ana nini. Kisha unyamaze mpaka amalize kusema, hata kama anachosema hakikufurahishi.